GNX: Ugomvi umepita, sasa tusikilize muziki

Maelezo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Wiki hii nimeweka kando bei ya sukari na foleni za barabarani ili nizungumze juu ya albamu moja ya rap, au muziki wa kufokafoka kama tulivyozoea kuuita. Najua baadhi ya wazee wenzangu wameshainua mkono kuzima redio. Ngojeni kidogo. Katika nyumba nyingi za mjini yuko kijana mmoja aliyeziba masikio kwa hedifoni, anatikisa kichwa na kunong'ona maneno ambayo wakubwa wake hawayajui. Si vibaya siku moja tukajua anasikiliza nini.

Nyumbani kwangu kijana huyo ni mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 19. Jumapili moja jioni alinifuata sebuleni na simu mkononi. Alikuwa amerekodi wimbo katika studio ya chumba kimoja, na ombi lake lilikuwa kwamba mjomba wake, kwa kuwa ni mtu wa redio, aupeleke ukapigwe. Nikausikiliza. Mdundo ulikuwa mzuri, na sauti Mungu kamjalia. Lakini beti zote tatu zilikuwa za kumshambulia kijana mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye naye anajifunza kufoka. Alimtaja kwa jina lake. Alimcheka kwa viatu vyake. Mwishoni akamwingiza na mama yake, ambaye ndiye tunayenunua maandazi kwake kila asubuhi.

Nikamwuliza, "Mwanangu, huyu si mtoto wa mama maandazi?"

"Ndiye, Mjomba. Lakini ndiyo gemu yenyewe. Kendrick kamchana Drake, kapata Grammy tano kwa wimbo mmoja. Angeimba amani nani angemsikiliza?"

Nilitaka kumkemea, nikajizuia. Kijana alikuwa amenipa hoja, na hoja haijibiwi kwa kemeo. Nikamwomba siku chache. Albamu ya Kendrick Lamar iitwayo GNX nilikuwa nimeisikia juu juu tu, vipande vipande, kwenye daladala na kwenye maduka ya simu. Sasa nikakaa nayo kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Maneno ya mitaani ya kule Marekani yaliponishinda, mpwa wangu huyo huyo ndiye aliyenifasiria. Haya ninayosema leo ni maoni ya msikilizaji. Hakuna aliyenilipa, wala sikupewa fulana.

Tuanze na ugomvi wenyewe, maana bila kuujua huwezi kuielewa albamu.

Kendrick Lamar alizaliwa mwaka 1987 katika mji wa Compton, kusini mwa Los Angeles. Ni mtu asiyependa kusemasema nje ya muziki, na mara nyingine albamu yake huja baada ya ukimya mrefu. Mwaka 2018 albamu yake iitwayo DAMN. ilipata tuzo ya Pulitzer ya muziki, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikienda kwa watunzi wa muziki wa kiklasiki na wa jazz. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Desemba 6, 2023 alifanya onyesho Kigali, Rwanda, na siku hiyo Zuchu, binti wa Zanzibar, naye alipanda jukwaa hilo. Mkumbuke Zuchu, msikilizaji, kwani nitarudi kwake.

Drake ni mtu wa Toronto, Kanada, na kwa mauzo ya nyimbo ni mmoja wa wanamuziki wakubwa wa dunia ya leo. Machi 2024 Kendrick alitokea katika wimbo wa Future na Metro Boomin, akakataa kuwekwa fungu moja na Drake pamoja na J. Cole. J. Cole akajibu kwa wimbo, na siku mbili baadaye akasimama mbele ya mashabiki wake akaomba radhi na kujitoa. Wengi walimcheka. Drake hakujitoa. Wakajibizana majuma kadhaa, wimbo kwa wimbo, mpaka Mei 4, 2024 Kendrick alipotoa Not Like Us. Ndani yake mlikuwa na tuhuma nzito, ambazo Drake amezikanusha. Wimbo ukachezwa kila mahali, kwenye harusi na viwanja vya mpira. Februari 2, 2025 ukachukua tuzo tano za Grammy. Juma moja baadaye Kendrick akaimba wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani mjini New Orleans, mbele ya watazamaji wa televisheni zaidi ya milioni 133.

Kwa hiyo mpwa wangu hakusema uongo. Alichokosea ni kimoja, na hakukosea peke yake: Not Like Us haumo katika GNX. Kendrick alikuwa na wimbo uliokuwa ukitamba sana mwaka ule, akauacha nje ya mlango. Mfanyabiashara wa kawaida angeuweka wa kwanza. Jambo hilo peke yake lilinifanya nikae vizuri kitini.

Albamu ilitoka Ijumaa, Novemba 22, 2024, bila tangazo la siku nyingi wala bango. Ina nyimbo 12 na inachukua kama dakika 44, yaani inaisha kabla daladala haijatoka Mbagala kufika Posta siku ya foleni. Huo ni wema wa kwanza wa albamu hii. Siku hizi wanamuziki wengi hupakia nyimbo 25 au 30 ili wapate hesabu kubwa ya wasikilizaji, na msikilizaji huchoka kabla ya kufika katikati. Jina GNX ni la gari aina ya Buick lililotengenezwa mwaka 1987, magari 547 tu. Ni mwaka aliozaliwa mwenyewe. Kwenye jalada amesimama na gari hilo, picha nyeusi na nyeupe, uso wa mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

Na kweli huu ni muziki wa gari. Kusikiliza kwangu kwa kwanza nilifuata mdundo tu, nikayaacha maneno. Besi ni nzito, makofi ni makavu, vinanda ni vyembamba, na nafasi tupu ni nyingi. Ndivyo wanavyopenda watu wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambao husikiliza muziki barabarani na madirisha wazi. Watayarishaji wakuu ni Sounwave, aliyekuwa naye tangu zamani, na Jack Antonoff, ambaye wengi wanamjua kwa nyimbo za mapenzi za kina dada. Yumo pia Mustard, yule aliyetengeneza mdundo wa Not Like Us. Katika wimbo TV Off mdundo unakatika katikati, mwingine unaingia kwa tarumbeta, na Kendrick anaita jina la Mustard kwa kulivuta kama mnadi samaki. Watoto wa mtaani kwetu waliliiga muda mrefu bila kujua kuwa haradali ni kitu cha kula.

Hapa nieleze jambo ambalo wazee huliita wizi. Nyimbo nyingi za rap hukata kipande cha wimbo wa zamani na kukijengea nyumba mpya juu yake. Squabble Up imejengwa juu ya wimbo wa dansi wa Debbie Deb wa mwaka 1983. Luther, ambao Kendrick anaimba na mwanadada SZA, una safari ndefu zaidi. Wimbo wa asili waliuimba Marvin Gaye na Tammi Terrell mwaka 1967. Luther Vandross na Cheryl Lynn wakaurudia mwaka 1982. Kendrick akachukua sauti za hao wawili, akazipunguza na kuziweka nyuma ya sauti yake, na wimbo mpya akaupa jina la marehemu Luther. Mwaka 2025 ulikaa majuma 13 juu kabisa ya chati ya Marekani. Wenye haki hutajwa na hulipwa, kwa hiyo si wizi. Ni kama shangazi anayefumua kitenge cha bibi na kukishonea gauni. Swali la kumwuliza fundi ni moja: umeongeza nini? Hata rap ya Kiswahili ilianza kwa mdundo wa kuazima, pale Saleh Jabir alipochukua mdundo wa Vanilla Ice mwaka 1991 na kuutia maneno yetu. Alichoongeza kilikuwa Kiswahili, na hicho kilitosha kufungua njia.

Kusikiliza kwa pili nilifuata vina. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Mshairi anajua kina kitaangukia wapi, na msikilizaji naye anajua na anakingojea. Rap haihesabu silabi, inahesabu mapigo ya ngoma. Ndani ya mapigo manne mfokaji aweza kusema maneno matatu au ishirini, mradi asianguke nje. Kina kinaweza kuja mwanzo, katikati, au pale ambapo hukukitegemea kabisa, na raha yake ni hiyo ya kushtukizwa. Kendrick ni bingwa wa mchezo huo. Anachelewa makusudi, halafu anakimbiza maneno na kufika kwa wakati, kama kondakta anayeruka mlangoni gari likiwa limeshaondoka. Tena hana sauti moja. Anakuwa mkali, mara analalamika kwa pua kama mtoto, mara ananong'ona.

Vijana wetu wajue kwamba Kiswahili kinawapa vina kwa bei nafuu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na mkazo huwa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho. Mwenzao wa Kiingereza lazima avitafute vina kwa tochi. Kwa hiyo kupata kina kwa Kiswahili si ushujaa wa kujivunia. Ushujaa ni kina hicho kubeba jambo.

Nikasikiliza mara ya tatu, mlango umefungwa, nikitafuta jambo lenyewe. Sasa ndipo albamu iliponishika.

Inafunguliwa na sauti ya mwanamke anayeimba kwa Kihispania. Ni Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, ule muziki wa asili wa Mexico wenye magitaa, fidla na tarumbeta. Anarudi tena katikati na mwishoni. Mtu asiyejua Los Angeles atashangaa. Anayeijua atakumbuka kwamba ni jiji lenye watu wengi sana wenye asili ya Mexico, wanaoishi ukuta kwa ukuta na Wamarekani weusi, mara kwa amani, mara kwa visu. Kendrick anawaweka ndani ya nyumba moja. Wafokaji vijana anaowapa nafasi, kama AzChike, Lefty Gunplay, Peysoh na Hitta J3, ni wa huko huko kwao, na nje ya huko hawakuwa wakijulikana sana. Katika wimbo unaobeba jina la albamu amewapa vijana watatu beti nzima nzima, yeye akabaki na kiitikio. Ushindi wake wa mwaka 2024 aliugawa kama mtu anayerudi kijijini na mbuzi.

Kisha unakuja wimbo wa sita, Reincarnated. Kama una dakika tano tu za kuipa albamu hii, zipe wimbo huu. Umejengwa juu ya mdundo wa Tupac Shakur, na Kendrick anafoka kwa lafudhi na mwendo wa Tupac, mpaka unadhani marehemu amefufuka. Anasimulia kwamba alikwisha kuishi duniani mara mbili kabla ya sasa. Mara ya kwanza alikuwa mpiga gitaa mwenye kipaji kikubwa na tamaa kubwa zaidi. Mara ya pili alikuwa mwimbaji mwanamke mweusi enzi za ubaguzi, aliyekufa kwa dawa za kulevya. Wote wawili walipewa zawadi ya muziki, na wote wawili iliwaponyoka.

Katika ubeti wa tatu anakuwa Kendrick wa leo, na sasa anazungumza na Baba yake wa mbinguni. Anajitetea. Anaorodhesha mema yake, sadaka zake, watu aliowainua. Baba hamsifu. Anamwuliza juu ya kiburi. Anamwambia kwamba anapenda vita. Kendrick anakana, na Baba anamwonyesha kwamba moyoni mwake hamna msamaha. Mwisho kijana anaahidi kwamba maneno yake atayatumia kupatanisha.

Msikilizaji, fikiria. Mwanamuziki ametoka kushinda ugomvi mkubwa kuliko wote katika historia ya muziki wake. Dunia inampigia makofi. Naye anaandika wimbo ambamo anasimamishwa mbele ya Mungu na kuambiwa kwamba ushindi ule ndio ugonjwa wake. Nilimwita mpwa wangu, nikamwomba anifasirie ubeti huo wa tatu neno kwa neno. Alifasiri mpaka nusu, akanyamaza, akaurudisha mwanzo.

Wimbo wa kumi, Heart Pt. 6, uko katika njia hiyo hiyo. Anakumbuka siku za njaa akiwa na wenzake watatu, Jay Rock, Ab-Soul na ScHoolboy Q, waliounda kundi la Black Hippy. Mashabiki walingoja albamu ya kundi hilo miaka mingi, isije. Kendrick anasema kosa lilikuwa lake. Hakuna aliyemlazimisha kukiri. Na wimbo wa mwisho, Gloria, unaonekana kuwa wa mapenzi, wa mwanamke mwenye wivu asiyetaka kushirikiana na mtu. Unapokaribia kwisha ndipo unatambua kwamba mwanamke huyo ni kalamu yake.

Sasa niseme na yale yasiyonipendeza, maana maoni yenye sifa tupu ni tangazo la biashara.

Kwanza, mshindi huyu analalamika mno. Katika wimbo wa kwanza anahesabu nani alimpongeza na nani hakumpongeza. Katika Man at the Garden anaanza kwa sauti ya chini na kupanda hadi kelele, akitaja yote anayoona anastahili kupata. Ustadi upo, lakini mtu aliyekwisha kula pilau la mwenye harusi hapaswi kuuliza kwa nini hakuletewa soda. Nimejaribu kumtetea kwamba amefanya hivyo makusudi, ili kiburi hicho kije kuhukumiwa katika Reincarnated. Huenda. Lakini baada ya hukumu ile anarudi tena kwenye majigambo kama vile hakusikia, na ahadi yake ya kupatanisha inadumu kwa muda wa wimbo mmoja.

Pili, Hey Now na Peekaboo zina mdundo wa kutikisa vioo vya madirisha, lakini ukiondoa mdundo hubaki na kitu mkononi. Zingeachwa, albamu isingekonda.

Tatu, matusi. Siyahesabu kwa sababu ni mengi, na redioni hapa hatuwezi kupiga nyimbo nyingi za albamu hii mchana. Najua ndiyo lugha ya mitaa yao, na msanii hawezi kuandika mtaa wake kwa lugha ya mahubiri. Lakini nimeona pia kwamba wanawake katika albamu hii wamepewa kazi ya kulainisha. SZA anaimba, Barrera anaimba, na uzuri wao hauna ubishi. Hakuna mwanamke aliyepewa ubeti wa kufoka. Kwa mtu aliyefungua mlango kwa majirani wote, mlango huo aliuacha umefungwa.

Kwa jumla, katika nyimbo 12, saba nitazirudia miaka mingi, tatu ni za safari, na mbili ningeziacha stendi. Naiona kuwa albamu nzuri, na ni nzuri zaidi pale anapoacha kugombana na Drake na kuanza kugombana na nafsi yake.

Je, hilo linamjibu mpwa wangu? Bado, kwa sababu ningemwongopea kama ningesema kwamba kushindana kwa maneno ni jambo la Wamarekani. Ni letu, tena la zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 hivi na 1840, alirushiana mashairi na watu wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikipigana kwa silaha. Alidhihaki, alitisha, alikejeli, na wa Lamu, akiwamo kiongozi wao Zahidi Mgumi, wakamjibu kwa vina vile vile. Mashairi hayo tunayasoma hadi leo.

Na Dar es Salaam miaka ya tisini mwanzoni, nani hakumbuki mipasho? Khadija Kopa akiwa na TOT, Nasma Khamis akiwa na Muungano. Ukumbi ulijaa kina mama waliovaa sare, na ulipofika ubeti wenyewe mwanamke aliinuka na noti yake, akacheza taratibu mpaka mbele kwenda kutunza, huku jicho lake likiwa kwa yule aliyemkusudia. Jina halikutajwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na yule Zuchu niliyekwambia umkumbuke, aliyepanda jukwaa la Kigali siku moja na Kendrick Lamar, ni binti wa Khadija Kopa. Dunia hii ya malumbano si kubwa kama tunavyodhani.

Katika malumbano hayo nimeona kanuni mbili ambazo mpwa wangu alizikosa. Ya kwanza ni kwamba mpinzani awe na uwezo wa kujibu. Muyaka alimshambulia mtu mwenye mji. Khadija alipambana na Nasma, malkia kwa malkia. Drake ana mali, ana maikrofoni na ana mamilioni ya wasikilizaji. Akipigwa anaweza kupiga. Kijana wa mtaa wa pili hana hata hela ya studio, na mama yake ana meza moja na karai. Kumpiga asiyeweza kujibu si gemu, ni uonevu wenye vina.

Ya pili ni kwamba mshindani ajue pa kusimama. Historia ya rap yenyewe ina makaburi. Tupac alipigwa risasi Las Vegas, akafa Septemba 1996. Mshindani wake Notorious B.I.G. akauawa Los Angeles Machi 1997. Siwezi kusema kwamba nyimbo ndizo zilizowaua. Nasema kwamba walipogombana walikuwa hai wote wawili, na miezi sita ilitosha kuwazika.

Drake alipeleka shauri mahakamani Januari 2025 mjini New York. Hakumshtaki Kendrick, alishtaki kampuni ya Universal, inayosambaza kazi za wote wawili, akidai kwamba ilieneza kashfa. Oktoba 2025 jaji alilitupa shauri. Hoja yake ilikuwa kwamba msikilizaji wa kawaida, anayejua kwamba hawa wawili wako vitani, hayachukui maneno ya wimbo wa namna hiyo kuwa taarifa ya kweli. Anayachukua kuwa maoni na majigambo. Upande wa Drake ukasema utakata rufaa. Nimeitafakari sana hoja hiyo. Huenda ni sahihi New York. Lakini katika mtaa wetu, ambako watu wananunua maandazi kwa mwanamke aliyetajwa ndani ya wimbo, msikilizaji wa kawaida atayachukua vipi maneno yale? Atayabeba mpaka kwenye meza yake. Asubuhi atamtazama mara mbili kabla ya kutoa hela. Mama huyo hataandika wimbo wa kujibu.

Yote hayo nilimwambia mpwa wangu, tukiwa tumekaa barazani umeme umekatika. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Sawa, Mjomba, lakini nikimtoa huyu jamaa, wimbo unabaki hauna kitu."

Nikamjibu kwamba hapo amenipa maoni ya kweli juu ya wimbo wake kuliko yangu. Wimbo ambao ukimwondoa adui haubaki na kitu, ulikuwa wa adui tangu mwanzo. Kendrick aliuacha nje wimbo wa adui, akabaki na nyimbo 12. Yeye aanze na moja.

Ubeti wa mama ameufuta siku ile ile, mbele yangu. Jina la kijana bado limo. Nimempa sharti: siku atakayoweza kuupiga wimbo huo kwa sauti kubwa mbele ya meza ya maandazi, asubuhi, mama na mwanawe wakiwapo, siku hiyo nitaubeba mwenyewe mpaka redioni. Hadi ninaposoma maelezo haya hajaniletea jibu. Lakini usiku, taa zikiwa zimezimwa, nasikia kutoka chumbani kwake wimbo wa sita ukianza, ukifika ubeti wa tatu, na kurudishwa mwanzo.

Hadi wiki ijayo, msikilizaji, kwaheri.